Ukungu Nyuma ya Kioo cha Twiga

Jumanne, 8 Aprili

Siku ya tatu bila mke. Nimechemsha chai mwenyewe, imeungua. Sikujua chai inaweza kuungua.

Leonida aliondoka Jumapili na mtoto kwenda kwa mama yake, kijijini Qurus. Hatukugombana. Tatizo ni kifua cha Cresensia. Ana miaka minne na anakohoa tangu Machi, mara nyingine mpaka anatapika. Daktari wa zahanati aliuliza kama nyumbani kuna unyevu. Nikamjibu hakuna, sisi tunakaa ghorofa, bafu lina marumaru mpaka juu. Leonida alikuwa pale, anasikia. Kesho yake akafunga begi. Akasema bafu linanuka gunia la viazi lililosahaulika, na kwamba yeye na mtoto watarudi harufu ikiisha. Pasaka ni tarehe ishirini. Nina siku kumi na mbili.

Leo nimeifuata hiyo harufu. Nimenusa sinki. Nimenusa tundu la maji machafu. Nimenusa taulo langu (hilo lina kesi yake). Harufu ikanipeleka moja kwa moja kwenye kioo. Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia nyuma ya fremu. Mungu wangu! Ukuta mweusi, una manyoya. Ukungu umeota nyuma yote ya kioo na sasa unashuka kwenye maungio ya marumaru kuelekea sakafuni.

Kioo chenyewe nimekipata kihalali. Naandika hapa kwa sababu watu wanasema. Mimi ni mtunza stoo wa lodge moja huku juu, njia ya kwenda geti la Ngorongoro. Februari walibadilisha vioo vya vyumba vya wageni, vya zamani wakasema vitupwe. Hiki kina fremu nzito iliyochongwa twiga wawili, mmoja amevunjika sikio. Nikijitazama ndani yake naonekana meneja. Nilikitundika Machi mosi kwa mikono yangu, kwa drili ya kuazima na skrubu nne za inchi tatu. Tatu zilinitoa jasho. Ya nne, ya chini kushoto, iliingia kwa ulaini wa ajabu. Yalitoka maji kidogo, nikakaza, yakakoma. Kuta za siku hizi zina jasho pia.

Kumwambia mwenye nyumba haiwezekani. Bi Hamisa ana duka la vitenge sokoni, ni mstaarabu, mtu wa kukuuliza hali ya wazazi wako wote wawili kabla hajakudai kodi. Lakini kuna kifungu cha saba cha mkataba: mpangaji haruhusiwi kutoboa ukuta. Kimeandikwa kwa herufi kubwa. Akiuona ukungu ataona kioo, akiona kioo ataona skrubu. Nitaumaliza mwenyewe, kimyakimya.

Jumatano, 9 Aprili

Nimefunga mswaki kwenye fimbo, nikauchovya kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, nikasugua nyuma ya kioo bila kukitoa. Kukitoa ni kuharibu kazi nzuri. Mswaki ulikuwa wa Leonida. Nitanunua mwingine.

Kisha nikawasha mishumaa minne ya mchaichai kutoka stoo, ile wanayowashiwa wageni wakikandwa migongo. Matokeo: bafu sasa linanuka gunia la viazi lililosahaulika kwenye shamba la mchaichai.

Jioni Leonida alipiga simu. Hakuzunguka, akauliza nimefikia wapi. Nikasema kazi imekwisha. Akasema vizuri. Cresensia naye akataka simu, akaniuliza kama bafu limepona. Nikamwambia limepona kabisa. Simu nzima alikohoa mara moja tu. Nilihesabu.

Nilikwenda kulala kwenye kitanda chake dakika chache. Miguu haikuenea. Nyumba hii bila yule mtoto ni kubwa mno.

Ijumaa, 11 Aprili

Akili imefunguka! Yule bwana wa Baray anayeletea jiko la lodge vitunguu alikuwa anamsimulia mpishi jinsi mvua hizi zilivyomletea ukungu shambani, na jinsi dawa moja ilivyoukomesha ndani ya siku mbili. Nikamvuta pembeni. Nikamuuliza kama dawa hiyo inafanya kazi kwenye ukuta. Alicheka, akasema hajawahi kulima ukuta. Nimechukulia kwamba ni ndiyo.

Amenipa dawa iliyobaki na kuniazima solo, lile bomba la kubeba mgongoni. Nimefunga mlango wa bafu. Usoni kitenge cha Leonida, machoni miwani ya kuogelea ya wageni. Nimepuliza kama heka nzima.

Ukuta umekuwa wa bluu. Dari ya bluu. Twiga wote wawili wa bluu. Ukungu upo palepale, mweusi, umevaa bluu. Na mimi ni wa bluu kuanzia paji la uso kupanda juu, pamoja na masikio. Nimetumia mche mzima wa sabuni. Masikio yamekataa.

Jumamosi, 12 Aprili

Kazini wamecheka wote isipokuwa Supeet, mlinzi wa geti. Bora angecheka. Ni Mmasai wa Enguserosambu, mtaratibu, haongei mpaka awe na la kusema. Aliyatazama masikio yangu kwa muda mrefu, akaomba nimweleze. Nikamweleza.

Akasema kwao nyumba anaijenga mke, na anayeikandika ni mke. Mvua ikiingia, mke hakimbilii kupaka pale palipolowa. Anatafuta kwanza maji yanaingilia wapi. Akaniuliza kama mimi nimetafuta maji yanatoka wapi. Halafu akanishauri nimuulize mke wangu, kwa kuwa wanawake ndio wanaozijua nyumba.

Nusu ya kwanza ya ushauri ni nzuri sana. Maji yanatoka wapi? Maji hushuka. Na juu yangu anakaa nani? Bartolomeo.

Ningepaswa kulijua hilo tangu mwanzo. Bartolomeo ni dereva wa watalii. Anamwambia muuza nyanya kwamba kesho ana "game drive", muuza nyanya anamwitikia amina. Anaoga asubuhi na jioni, na anaimba humo humo. Akipita ananipungia vidole viwili. Vile vitatu anamwekea nani? Mtoto wangu anakohoa kwa sababu ya usafi wa mtu mwingine.

Jumapili, 13 Aprili (Matawi)

Misa, matawi, nyumbani. Nikapanda kwenye ndoo, nikaweka sikio kwenye bomba la darini. Asubuhi Bartolomeo ameoga dakika kumi na moja. Jioni kumi na nane, nyimbo tatu. Nimeandika yote kwenye karatasi ya lodge, inaonekana rasmi.

Nikaipeleka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mama Selestina. Anauza maandazi barazani kwake na anaamua kesi za mtaa bila kuacha kugeuza maandazi. Aliuliza kama nimegonga mlango wa Bartolomeo tukaongea. Nikasema sitaki maongezi, nataka haki. Akauliza kama nina hakika. Nikasema asilimia mia. Akauliza tena. Nikamwonyesha dakika.

Hapo nikampa ukurasa wa pili, adhabu niliyopendekeza. Kwamba atakayebainika kuwa chanzo cha maji atatengeneza ukuta. Ataomba radhi kwa familia iliyoathirika mbele ya majirani. Na atapiga deki ngazi zote za jengo, kutoka juu mpaka getini, asubuhi na jioni, peke yake, mpaka mvua za masika ziishe. Hicho kipengele cha mwisho nakipenda sana. Masika udongo wetu mwekundu unapanda ngazi na kila kiatu, na ukikauka hautoki mpaka upige magoti. Kila kaya ina zamu yake ya wiki na kila kaya inailaani. Bartolomeo ataimba vizuri hapo.

Mama Selestina alisoma kwa sauti kila neno. Akasema kikishaingia kwenye daftari lake hakifutiki. Nikaweka sahihi. Alhamisi saa kumi jioni watakuja, yeye, Bi Hamisa na fundi bomba.

Nimelala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Leonida aondoke.

Jumanne, 15 Aprili

Bi Hamisa anakuja na kioo kiko ukutani. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nimechukua bisibisi. Skrubu ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu, sawa. Ya nne nilipoilegeza, ukuta ukanitemea mate. Nikailegeza tena kidogo nione. Mchirizi wa maji wa unene wa kidole ukanipiga kwenye jicho, ukavuka bafu zima, ukafika mlangoni. Kioo nimekiokoa kwa goti. Skrubu nimeirudisha kwa mikono miwili huku nikipiga kelele kwa sauti ya chini.

Nimekaa sakafuni kwenye maji muda mrefu. Skrubu yangu iko ndani ya bomba. Imo humo tangu Machi mosi, inavujisha polepole nyuma ya marumaru, usiku na mchana. Cresensia alianza kukohoa wiki ya pili ya Machi.

Sitaki kuandika zaidi kuhusu hilo leo.

Baadaye

Nimekwenda kwa Mama Selestina kuondoa kesi. Nikasema nimemsamehe Bartolomeo, wiki hii ni takatifu. Akasema ni jambo zuri, lakini daftari ni daftari, na Bi Hamisa ameshamlipa fundi. Akanipa andazi.

Leonida naye amepiga. Kwa kuwa kazi imekwisha, wanarudi Alhamisi, kaka yake ana safari ya mjini. Nikasema barabara ina matope. Akasema Qurus si mbali kiasi hicho. Nikasema bora wasubiri Jumamosi. Akauliza kwa nini.

Jumatano, 16 Aprili

Kioo kipo chini ya kitanda. Ukungu sasa uko wazi, unaonekana mpaka mlangoni, hilo ni sawa, ndiyo kesi yenyewe. Tatizo ni skrubu moja inayotokeza katikati ya ukungu, inadondosha tone moja kila nikihesabu saba. Kuing'oa haiwezekani. Kuikata, msumeno unaitikisa, maji yanakuja. Nimetundika taulo, likalowa. Nimetundika kalenda, ikalowa mpaka Juni.

Halafu nikaona tawi la Jumapili juu ya meza, lile la mchikichi lililosukwa msalaba. Nimelitundika kwenye skrubu. Limefunika kila kitu, na tone linashuka kwenye jani bila kelele. Nani atagusa tawi lililobarikiwa wiki hii? Mama Selestina hathubutu. Bi Hamisa ni Mwislamu, ataliheshimu kuliko sisi. Fundi atafuata wakubwa.

Nimesali kwanza. Nimeeleza nia yangu ni njema.

Alhamisi, 17 Aprili

Niandike haraka.

Saa kumi kamili walifika. Mama Selestina na daftari. Bi Hamisa amevua viatu mlangoni, akauliza hali ya mama yangu na baba yangu. Fundi Isaya, kijana wa maneno machache. Bartolomeo alikuja na chupa ya asali ya Eyasi. Akasema anamsikia mtoto akikohoa kupitia bomba, amekuwa akimkumbuka akiwa porini, nimpe kijiko asubuhi na jioni. Sikujua pa kuiweka ile chupa. Niliishika muda wote wa kesi.

Tukaingia bafuni watu watano. Bi Hamisa akauliza, kwa upole sana, ukuta wake umekuwa wa bluu lini. Nikasema ni mwanga. Akayaangalia masikio yangu, hakuuliza tena.

Fundi akafunga maji ya juu yote. Tukasubiri. Tawi likaendelea kudondosha. Akasema basi si juu. Bartolomeo hata hakutabasamu. Mama Selestina alikuwa anatazama tawi. Akaniuliza tangu lini mtu anatundika msalaba wa matawi chooni. Nikasema nilitaka baraka ifike penye ugonjwa. Akasema hajawahi kusikia. Nikasema ni utaratibu mpya. Fundi akanyoosha mkono, Bi Hamisa akamzuia. Akasema vitu vya dini ya watu haviguswi bila ruhusa. Nilitaka kumkumbatia.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Leonida, na begi, na Cresensia nyuma yake ananiita baba.

Leonida alisalimia kila mtu kwa zamu yake. Akatazama ukuta mweusi. Akatazama bluu. Akatazama tawi. Akawaambia wageni kwamba katika nyumba hii matawi huwa anatundika yeye, juu ya mlango wa sebuleni, na kwamba chooni hapafai. Akaomba radhi, akapita katikati yao, akalibusu tawi, akalitoa taratibu.

Skrubu. Inang'aa. Tone moja, halafu jingine.

Fundi Isaya akaigeuza nusu mzunguko. Maji yakampata Bartolomeo kifuani, kwenye shati lake la kazi. Fundi akairudisha, akasema hii ni inchi tatu. Ndiyo maneno pekee niliyomsikia akiyasema kwa raha.

Mama Selestina akafungua daftari. Akasoma adhabu yote, polepole, pamoja na "peke yake". Akanionyesha sahihi, akauliza ni ya nani. Bi Hamisa hakutaja kifungu cha saba. Alisema tu kwamba ningemwambia siku ile ya kwanza angeleta fundi siku ile ile, maana mtoto ni wa wote. Hilo liliniingia kuliko kama angenifukuza.

Waliondoka. Leonida hakufungua begi. Akaniambia ukungu angeuvumilia, skrubu angeivumilia, kila mwanamume ana skrubu yake. Lakini nilimwambia daktari hakuna unyevu mtoto akiwa amekaa pale, mapajani pa mama yake. Na nilimwambia mtoto bafu limepona. Niliona aibu, na nimeiona mpaka sasa ninapoandika. Wakapanda gari la kaka yake kurudi Qurus. Tawi amelitundika sebuleni kabla ya kutoka.

Ijumaa, 18 Aprili (Ijumaa Kuu)

Nimepiga deki asubuhi. Ngazi thelathini na mbili. Mvua ilinyesha, kaya zote zikatoka, kaya zote zikarudi. Nimepiga deki jioni.

Bartolomeo alivua buti getini, akapanda na soksi ili asinichafulie. Mtu huyu hana huruma.

Jumapili, 20 Aprili (Pasaka)

Nimepiga deki alfajiri, nikaenda Misa, kisha Qurus. Mama mkwe alinikaribisha vizuri, akaniwekea nyama, akaniuliza kama masikio yanauma.

Nilimwambia Leonida ukweli wote, kuanzia mswaki. Alicheka penye dawa ya vitunguu, akakasirika penye mswaki. Amesema watarudi ukuta ukibomolewa, ukikauka, ukijengwa, na Bi Hamisa akimthibitishia yeye mwenyewe kwa simu. Neno langu limewekwa pembeni kwa sasa. Nikasema sawa. Cresensia alikimbia uwanjani mchana kutwa akifukuza kuku, sikumsikia akikohoa. Nimemtazama mpaka nikasahau kula.

Nimeapa. Sitatoboa ukuta wowote, na sitamdanganya mke wangu tena.

Jumamosi, 3 Mei

Wamerudi! Fundi Isaya alibomoa, akabadilisha bomba, akauacha ukuta wazi wiki nzima, akapiga plasta na dawa ya ukungu ya ukutani. Kumbe ipo, inauzwa dukani. Bi Hamisa alimpigia Leonida simu jana. Leo begi limefunguliwa. Cresensia amelala mchana saa mbili nzima bila kukohoa hata mara moja, nimekaa mlangoni kwake na saa. Namshukuru Mungu.

Ngazi bado. Mvua nazo bado. Bartolomeo amenifundisha kukwangua udongo kwa kipande cha ndala kabla ya maji, na kweli inasaidia.

Limebaki jambo moja dogo. Leonida amejigonga kidole cha mguu kwenye kioo alipofagia chini ya kitanda. Akasema kama sina pa kukiweka nikirudishe lodge. Kukirudisha! Kile kioo ni cha meneja. Nimewaza kwa utulivu, kama mtu aliyejifunza. Kosa halikuwa kutoboa, kosa lilikuwa mahali. Bafuni kuna mabomba, hilo sasa nalijua. Lakini ukuta wa korido, ule wa nyuma ya jiko, una mabomba ya nini? Nimeugonga kwa vidole kila sehemu, unatoa sauti nzuri kabisa. Drili nimeiazima tena, nimeitumia wakati Leonida anasaga karanga.

Kimependeza sana, twiga na yote. Tatu zilinisumbua. Ya nne iliingia kwa ulaini wa ajabu.

Leonida ameuliza kutoka jikoni mbona maji ya bomba yamepungua ghafla. Nimemjibu ni mgao.